Watakatifu katika Michoro ya Karne za Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maandishi Yaliyowaongoza Wachoraji

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wale ambao, wakitazama picha za kale za watakatifu, hujiuliza mchoraji alijuaje kwamba Mtakatifu Katarina husimama kando ya gurudumu au kwamba simba hulala miguuni pa Mtakatifu Yeronimo. Karibu kila mara jibu limo katika maandishi fulani, na anayeyajua maandishi hayo huiona picha kwa macho mengine. Maelezo yanahusu hasa Ulaya ya Magharibi kati ya karne ya 12 na ya 15, pamoja na mifano michache kutoka Konstantinopoli na Afrika.

Wachoraji walitegemea maandishi gani?

Biblia ndiyo ya kwanza. Funguo anazoshika Mtakatifu Petro zinatoka katika Injili ya Mathayo 16:19, na viumbe wanne wanaowawakilisha Wainjili, yaani mtu, simba, ng'ombe na tai, wanatoka katika kitabu cha Ezekieli na Ufunuo wa Yohane. Hata hivyo, Biblia haimfikishi mchoraji mbali, kwa kuwa watakatifu wengi waliishi baada ya kuandikwa kwake, na hata mitume wenyewe hawaelezwi humo walivyokufa, isipokuwa Yakobo mwana wa Zebedayo, ambaye Matendo ya Mitume 12:2 inasema aliuawa kwa upanga.

Pengo hilo lilizibwa na maandishi ya aina nyingine. Kulikuwa na masimulizi ya mateso ya wafiadini, yaliyosomwa kanisani au katika nyumba za watawa siku ya kumbukumbu yao. Kulikuwa na maisha ya watakatifu yaliyoandikwa na watu waliowafahamu, kama Sulpisi Severo, aliyeandika habari za Mtakatifu Martino wa Tours karibu mwaka 397, mtakatifu huyo akiwa bado hai. Vilevile kulikuwa na vitabu vya apokrifa, ambavyo Kanisa halikuviingiza katika Biblia lakini waumini waliendelea kuvisoma na kuvipenda.

Simulizi la Sulpisi ni mfano mzuri wa jinsi sentensi chache zinavyoweza kuzaa picha ya kudumu. Anaeleza kwamba Martino, akiwa askari kijana asiyebatizwa bado, alikutana wakati wa baridi kali na maskini aliye uchi kwenye lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake vipande viwili kwa upanga na kumpa kimoja. Zaidi ya karne 9 baadaye, Simone Martini alichora tukio hilo katika kanisa la chini la Mtakatifu Fransisko huko Asizi, akifuata simulizi karibu neno kwa neno: lango, farasi, upanga na joho lililonyoshwa kati ya watu wawili.

Legenda Aurea ni kitabu gani, na kwa nini hutajwa kila mara?

Ni mkusanyiko wa maisha ya watakatifu uliotungwa katika miaka ya 1260 na Jacopo da Varazze, mtawa Mdominiko ambaye baadaye akawa askofu mkuu wa Genoa hadi alipofariki mwaka 1298. Jina lake la Kilatini lina maana ya Masomo ya Dhahabu. Kitabu hicho kina sura zaidi ya 170 zilizopangwa kwa kufuata kalenda ya Kanisa, na nakala za mkono zipatazo 1,000 za Kilatini zimesalia hadi leo, idadi ambayo vitabu vichache sana vya wakati huo vinaifikia.

Sababu ya kutajwa mara nyingi ni kwamba kiliweka mahali pamoja habari zilizokuwa zimetawanyika katika vitabu vingi. Jacopo alikusudia kuwasaidia wahubiri, lakini msaada huohuo ulimfikia mchoraji aliyetakiwa kupamba ukuta mzima kwa maisha ya mfiadini ambaye hakuwahi kumsikia. Kila sura fupi huwa na matukio machache yaliyo wazi, kila moja na mahali pake, watu wake na jambo moja linalotendeka, na ukuta uliogawanywa katika visehemu unataka hivyohivyo.

Je, wachoraji wenyewe walijua kusoma Kilatini?

Wengi hawakukijua vya kutosha kusoma kitabu cha kitaalimu. Walikuwa mafundi waliojifunza kazi kwa mabwana wao tangu utotoni. Maandishi yaliwafikia kupitia watu wengine: padre au mtawa aliyewaeleza nini kichorwe, mahubiri waliyoyasikia, maigizo ya sikukuu, tafsiri za Kiitalia na Kifaransa, na picha za zamani zilizonakiliwa kutoka karakana moja hadi nyingine.

Mikataba iliyobaki inaonyesha mazungumzo hayo yalivyokuwa. Mwaka 1453, padre Jean de Montagnac aliagizana na mchoraji Enguerrand Quarton picha ya Bikira Maria akitiwa taji mbinguni, kwa ajili ya kanisa la Villeneuve-lès-Avignon huko Ufaransa. Mkataba unaorodhesha mambo mengi yanayopaswa kuonekana, na unaagiza kwamba pasiwe na tofauti kati ya Mungu Baba na Mungu Mwana. Ukiitazama picha hiyo leo utaona sura mbili zinazofanana kabisa. Sharti hilo lilitokana na mafundisho ya Utatu Mtakatifu, lakini ni mkono wa mchoraji uliolipa uhai.

Huko Konstantinopoli maandishi na picha viliwekwa pamoja kwa namna ya wazi zaidi. Kitabu cha watakatifu kilichoandaliwa karibu mwaka 1000 kwa ajili ya Kaisari Basili wa 2 kina picha 430, na kurasa zake zimegawanywa kati ya mistari 16 ya maandishi na picha moja. Majina ya wachoraji wanane yameandikwa kando ya picha zao, jambo la nadra na la thamani kubwa kwetu.

Ninawezaje kuona maandishi ndani ya picha? Nipeni mfano mmoja.

Mchukue Mtakatifu Katarina wa Aleksandria. Legenda Aurea inasema alikuwa binti wa mfalme Kosto, kwa hiyo anavikwa taji. Inasema aliwashinda kwa hoja wanafalsafa 50 walioletwa na kaisari, kwa hiyo anashika kitabu. Kaisari aliamuru atengenezewe mtambo wa magurudumu yenye misumeno na misumari, lakini malaika akauvunja, kwa hiyo kando yake kuna gurudumu lililovunjika. Mwishowe alikatwa kichwa, kwa hiyo ana upanga. Katika picha nyingine anamkanyaga mtu aliyevaa taji, naye ni kaisari aliyemtesa.

Zingatia jambo moja. Kitabu kinataja magurudumu manne, lakini katika picha zinazomwonyesha akiwa amesimama peke yake, wachoraji wengi waliweka moja tu. Hawakuwa wamesahau. Anayesimulia ana nafasi ya kueleza mtambo mzima unavyozunguka, ilhali anayechora kitambulisho anahitaji kitu kimoja ambacho muumini aliye mbali, katika kanisa lenye mwanga wa mishumaa tu, atakitambua mara moja. Nadhani hapa ndipo kipaji cha wachoraji hao kinapoonekana vizuri zaidi: walijua kulipunguza simulizi refu hadi kitu kimoja bila kuipoteza maana yake.

Kwa njia hiyohiyo Mtakatifu Laurenti hutambulika kwa chanja cha chuma alichochomewa, Mtakatifu Batholomayo kwa kisu kilichomchuna ngozi, na Mtakatifu Agnesi kwa mwanakondoo. Kwa Agnesi sababu ni mbili: simulizi linasema aliwatokea wazazi wake baada ya kufa akiwa na mwanakondoo mweupe, na jina lake linakaribiana na neno la Kilatini *agnus*, lenye maana hiyohiyo ya mwanakondoo.

Habari za Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, zimetoka wapi, ikiwa Biblia haiwataji?

Zimetoka katika Injili ya Yakobo, kitabu cha apokrifa cha karne ya 2, na katika vitabu vya Kilatini vilivyokirudia baadaye, hasa Injili ya Mathayo isiyo ya kweli. Humo tunasoma kwamba Yoakimu alifukuzwa hekaluni kwa kuwa hakuwa na mtoto, akaenda nyikani kwa wachungaji wake, na malaika akawatangazia yeye na mkewe kwamba watapata binti.

Giotto alichora simulizi hilo katika kikanisa cha Enrico Scrovegni mjini Padova, kilichowekwa wakfu mwaka 1305. Yoakimu anasukumwa nje ya hekalu akiwa amemkumbatia mwanakondoo aliyekataliwa pamoja naye. Anafika kwa wachungaji ameinamisha kichwa, nao wanatazamana kwa wasiwasi huku mbwa wake akimrukia kwa furaha. Hakuna andiko linalomtaja mbwa huyo. Giotto alimwongeza mwenyewe, na kwa kufanya hivyo aliieleza aibu ya mzee huyo kuliko kitabu kilivyoieleza, kwa maana mnyama anampokea bwana wake bila kujua kwamba watu wamemkataa.

Linganisha pia tangazo kwa Anna. Injili ya Yakobo inamweka bustanini, akitazama kiota cha shomoro juu ya mti na kulia kwa sababu hata ndege wana makinda. Mafundi wa mozaiki wa kanisa la Chora huko Konstantinopoli, waliofanya kazi kati ya 1315 na 1321, wameweka bustani, mti na ndege. Giotto anamweka Anna chumbani akipiga magoti, malaika akiingia dirishani, na nje ya mlango mtumishi anasokota uzi. Simulizi ni moja, lakini kila upande ulipokea nakala zake, na kila mchoraji alichagua mahali ambapo huzuni ya mwanamke huyo ingeonekana vyema.

Na ng'ombe na punda wa pangoni, katika picha za kuzaliwa kwa Yesu?

Injili ya Luka inataja hori tu. Wanyama hao wametoka katika Isaya 1:3, panaposema ng'ombe anamjua bwana wake na punda anajua kibanda cha bwana wake, na ile Injili ya Mathayo isiyo ya kweli ikawaweka wazi kando ya Mtoto. Kwa hiyo ni unabii uliochorwa kama tukio.

Kwa nini picha za Mtakatifu Fransisko za mwanzo hazifanani na zile za Asizi?

Kwa sababu maandishi yalibadilika, na hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu.

Fransisko alifariki mwaka 1226. Miaka 9 tu baadaye, mwaka 1235, Bonaventura Berlinghieri alichora picha yake kwa ajili ya kanisa la mjini Pescia, akimweka mtakatifu katikati, mrefu na mwembamba, na matukio 6 pembeni. Mawili yanaonyesha maisha yake: kupokea mwilini madonda kama yale ya Kristo na kuwahubiria ndege. Manne ni miujiza ya uponyaji iliyotendeka baada ya kifo chake. Wakati huo wasifu uliokuwapo ni ule wa Thomas wa Celano, ulioandikwa Fransisko alipotangazwa mtakatifu mwaka 1228, na haja kubwa ilikuwa kuthibitisha kwamba kweli anaponya. Picha inamtazama Fransisko kama mahujaji wagonjwa walivyomtazama.

Baadaye shirika la watawa aliloanzisha lilikua na kugawanyika katika mabishano juu ya maana halisi ya umaskini. Mtakatifu Bonaventura, aliyekuwa mkuu wa shirika tangu 1257, alipewa kazi ya kuandika wasifu mpya, akaukabidhi mwaka 1263. Miaka mitatu baadaye mkutano mkuu wa shirika mjini Paris uliamuru nyasifu za zamani ziharibiwe, ili ubaki huo mmoja.

Kanisa la juu la Asizi lilipopambwa kuelekea mwisho wa karne ya 13, matukio 28 ya maisha ya Fransisko yalichorwa kwenye kuta zake, na chini ya kila moja yakawekwa maneno ya Kilatini yaliyotolewa katika wasifu wa Bonaventura. Wataalamu wanaendelea kubishana kama Giotto ndiye aliyechora, na sioni haja ya kuamua hapa. La muhimu ni kwamba miujiza ya baada ya kifo imebaki michache mwishoni, na nafasi kubwa imepewa mwenendo wa mtu: anamrudishia baba yake mavazi mbele ya askofu, na katika ndoto ya Papa Inosenti wa 3 analibeba begani kanisa la Laterano linaloelekea kuanguka. Mponyaji wa Pescia amekuwa nguzo ya Kanisa. Asiyejua habari za uamuzi wa 1266 atadhani ni mitindo ya uchoraji tu iliyobadilika.

Je, sura za watakatifu zilitoka pia katika maandishi?

Mara chache. Mfano bora ni Mtakatifu Paulo. Kitabu cha apokrifa cha karne ya 2 kinachosimulia habari zake na za Tekla, mwanamke aliyemfuata, kinamweleza kuwa mfupi, mwenye upara, miguu iliyopinda, nyusi zilizoungana na pua iliyochomoza kidogo. Wachoraji waliacha miguu na ufupi, lakini upara pamoja na ndevu ndefu nyeusi vilibaki, na ndiyo maana unaweza kumtenga na Petro hata pasipo upanga wake. Watakatifu walio wengi hawana maelezo ya namna hiyo, kwa hiyo sura zao ni za ujana, uzee, cheo na hali yao tu.

Wachoraji walikosea?

Mara nyingine makosa yalikuwa ya vitabu vyenyewe. Simba wa Mtakatifu Yeronimo ana asili katika habari za mtawa mwingine, Gerasimo wa Yordani, aliyesemekana kumtoa simba mwiba unyayoni. Majina hayo mawili yalikaribiana katika Kilatini, habari ikahama, Legenda Aurea ikaiandika, na simba hakurudi tena kwa mwenyewe. Kofia nyekundu ya kardinali anayovishwa Yeronimo ni jambo jingine, kwa kuwa alifariki karibu mwaka 420, na makardinali walipewa kofia hiyo na Papa Inosenti wa 4 karne ya 13.

Yeronimo mwenyewe alisababisha picha ya ajabu zaidi. Alipotafsiri Kutoka 34:29, panapoelezwa uso wa Musa ulioangaza aliposhuka mlimani, alichukua neno la Kiebrania linaloweza kuhusiana na pembe na kuandika *cornuta*, yaani wenye pembe. Tangu karne ya 11 wachoraji wa Magharibi walimpa Musa pembe mbili, nao walikuwa waaminifu kabisa kwa Biblia waliyokuwa nayo.

Mtakatifu Lusia ni tofauti kidogo. Huonyeshwa akibeba macho yake katika sahani, lakini Legenda Aurea haisemi kwamba alitolewa macho. Inasema jina lake limetokana na nuru. Inaelekea kwamba picha hiyo ilizaliwa na jina, na simulizi la macho likafuata baadaye ili kuieleza.

Picha inaweza kuzaa simulizi, basi?

Inaweza, na Mtakatifu Nikolao hutolewa mara nyingi kuwa mfano. Maandishi ya kale yanasema aliwaokoa maofisa watatu waliohukumiwa bure. Wachoraji walimchora askofu kuwa mkubwa na wafungwa kuwa wadogo ndani ya mnara, kama desturi ya kuonyesha heshima ilivyotaka. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba watazamaji waliwaona watoto watatu ndani ya pipa, na kisa cha watoto waliochinjwa na kutiwa chumvi, kisha wakafufuliwa na Nikolao, kikaenea kutokana na hapo.

Je, maandishi mapya yaliweza kubadili picha kwa haraka?

Ndiyo, na kasi yake inashangaza. Mtakatifu Brigita wa Sweden alipata maono huko Betlehemu mwaka 1372. Alieleza kwamba alimwona Maria akiwa na kanzu nyeupe, nywele zake zimefunguliwa, akijifungua huku amepiga magoti na bila maumivu yoyote, na Mtoto akilala chini sakafuni huku akitoa nuru iliyoushinda mshumaa wa Yosefu. Brigita alifariki mwaka 1373, na muda mfupi baadaye Niccolò di Tommaso alikuwa ameshachora maono hayo, akimweka Brigita mwenyewe pembeni akitazama. Kabla ya hapo Maria alichorwa akiwa amelala kitandani baada ya kujifungua. Katika karne ya 15 Maria anayepiga magoti mbele ya Mtoto alienea kote Ulaya, na pango la Noeli linalowekwa leo katika parokia zetu, lenye Maria aliyepiga magoti kando ya hori, bado linabeba alama ya maneno hayo.

Kuna watakatifu Waafrika, au michoro ya Afrika, katika habari hii?

Wapo, na ipo. Mtakatifu Morisi alikuwa kamanda wa kikosi kilichotoka Thebe ya Misri, kama alivyosimulia askofu Eukeri wa Lyon katika karne ya 5. Kwa muda mrefu alionyeshwa kama askari wa Ulaya. Kati ya 1240 na 1250 hivi, katika kanisa kuu la Magdeburg huko Ujerumani, aliwekewa sanamu ya mawe iliyopakwa rangi, inayomwonyesha kuwa Mwafrika mweusi aliyevaa deraya ya wakati ule. Jina lake la Kilatini, Mauritius, lilikuwa linahusishwa na Wamauri wa Afrika, na asili yake ya Thebe ilikuwa imeandikwa tangu zamani. Mafundi wa Magdeburg waliyachukua maandishi hayo kwa uzito kuliko wote waliowatangulia.

Barani kwetu, kanisa kuu la Faras katika Nubia lilikuwa na michoro ya ukutani iliyochorwa kati ya karne ya 8 na ya 14, ikaokolewa na waakiolojia wa Poland katika miaka ya 1960 kabla ya maji ya bwawa la Aswan kulifunika eneo hilo. Miongoni mwake yumo Mtakatifu Anna, mwenye macho makubwa na kidole kwenye midomo, ambaye leo yuko Warszawa. Huko Ethiopia kitabu cha Miujiza ya Maria kilitafsiriwa kwa Kige'ez kutoka Kiarabu karibu mwaka 1400, na mfalme Zara Yaqob (1434–1468) akaagiza kisomwe kanisani. Katika enzi yake mtawa Fre Seyon alichora Maria na Mtoto kwenye mbao, na kazi hizo zinapaswa kufundishwa bega kwa bega na za Italia.

Kanisa lilikubali picha zitokane na vitabu visivyo rasmi?

Kwa sehemu kubwa lilivumilia. Karibu mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia askofu Sereno wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha, kwamba ni makosa kuziabudu lakini pia ni makosa kuziharibu, kwa sababu asiyejua kusoma husoma ukutani kile asichoweza kukisoma kitabuni. Orodha moja ya karne ya 6 ilitaja vitabu visivyopaswa kupokelewa, na mateso ya Mtakatifu Georgi yalikuwa miongoni mwake, lakini Georgi aliendelea kuchorwa bila kukoma.

Masharti makali yalikuja mwaka 1563, Mtaguso wa Trento ulipowataka maaskofu wazuie picha zenye mafundisho ya uongo. Katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 Mtakatifu Katarina wa Aleksandria aliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, kwa sababu historia yake haikuweza kuthibitishwa, kisha akarudishwa mwaka 2002. Kalenda hiyo mpya inamwadhimisha tarehe 25 Novemba, siku ileile waliyoiadhimisha Wakristo wa Karne za Kati.